Mama Aliyengoja Neno Lifike

Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha darasa la tano hapa Constanza, juu milimani, ambako nusu ya wazazi hulima vitunguu saumu na nusu nyingine huvifungasha. Wazazi wa kila namna wameingia mlangoni mwangu. Lakini ukiniuliza ni nani aliyenifunza kazi hii, nitakutajia Nereida, mfungashaji, mama aliyeishia darasa la sita.

Binti yake, Yudelka, alikuwa na kigugumizi. Miaka kumi, mwembamba, hesabu anazimaliza kabla sijafuta ubao. Wenzake walimpa jina la Pikipiki. Akifungua kinywa tu, mvulana mmoja aitwaye Wilkin anasimama na kurusha mguu kama anayepiga kiki. "Haiwaki! Haiwaki! Itieni mafuta!" Darasa zima linaangua kicheko. Na mimi je? Nagonga meza, nasema, "Haya, basi, basi," somo linaendelea.

Jumatatu moja Yudelka akaumwa tumbo. Jumanne, tumbo tena. Jumatano alipoambiwa avae sare, akaung'ang'ania mguu wa kitanda. Baba yake, Eligio, akavaa kofia.

"Nitajie jina tu. Huyo mtoto nitamtia adabu mbele ya baba yake!"

Yudelka akazidi kuung'ang'ania mguu wa kitanda.

"Eligio, kaa," Nereida akasema. "Kwanza tusikie."

Haya alinisimulia mwenyewe baadaye. Alituma ujumbe kazini kwamba haendi, akainjika maharage, akamketisha mtoto jikoni. Akauliza mara moja tu, kisha akanyamaza. Neno lilipokwama, hakulimalizia. Eligio alipotaka kulimalizia yeye, mkewe akamtupia jicho moja, naye akaacha. Maharage yakaiva, yakaipuliwa, yakapoa, na mtoto bado anasema.

Alipomaliza, Nereida akamshika mikono. "Mwezi uliopita uliniambia wanakucheka, nikakujibu uwapuuze. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe. Sasa wewe unataka tufanye nini?"

"Ba-baba asimpige mtu. U-uende wewe. Lakini usi... usipige kelele."

Nereida akaja shuleni mchana ule ule, watoto wameshatoka. Nami nikamtolea maneno yangu ya kila siku: "Bi Nereida, hao ni watoto. Wanataniana tu."

"Kwenye utani, mwalimu, wanacheka wote wawili. Wangu hajacheka."

Kisha akanieleza taratibu. Kwamba Wilkin na wenzake walimfungia chooni, wakaushikilia mlango mpaka atamke "pikipiki" bila kukwama. Kengele ililia, hakuweza, na mimi nikamwandika mchelewaji.

"Na kuna lako pia," akasema. "Wakisoma kwa zamu, ukifika kwake unamruka."

"Namwonea huruma. Sitaki aaibike."

"Anasema siku ulipoanza kumruka ndiyo siku walipoanza kupiga kiki."

Uso ukaniwaka.

Ijumaa nikamwita baba yake Wilkin, Fausto, dereva wa lori, aje akutane na Nereida, Wilkin mwenyewe akiwepo. Sijamaliza hata kueleza, mkanda ukachomolewa kiunoni. Wilkin akajibana ukutani. Nereida, ambaye kichwa chake kilifika kifuani pa yule bwana, akasimama katikati yao.

"Usimpige, kaka. Kipigo hicho Jumatatu kitamfikia binti yangu."

"Mama, mimi nilipigwa, nikanyooka!"

"Umenyooka? Mbona mkanda uko mkononi?"

Nilidhani atalipuka kwa hasira. Badala yake aliutazama ule mkanda, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakimgusa kidevu. Akamuuliza mwanawe, kwa sauti ambayo nahisi hata mtoto hakuizoea, "Kwa nini unamfanyia hivyo?"

Wilkin akalia. "Kwa sababu wenzangu wanacheka."

"Utamwomba radhi, bila watazamaji," Fausto akasema. "Jumamosi mbili hakuna besiboli. Na mimi sitoki na lori, nitakaa nawe nyumbani."

Nereida akaitika kwa kichwa, akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, uchunge mlango wa choo."

Mambo hayakunyooka siku moja. Wilkin aliacha, lakini wasichana wawili wakaendelea kunong'ona mpaka nao nikawaitia wazazi. Mwezi mzima nilikunywa kahawa yangu ya mapumziko nimesimama karibu na vyoo. Nereida naye alipita kila Ijumaa, dakika tano tu, akisema kilichobaki na pia kilichopona.

Nikamuuliza Yudelka, tukiwa wawili, kama anataka zamu yake ya kusoma. Alifikiri siku tatu.

"Ni-nitasoma. Usinisaidie."

Mistari sita, dakika nne. Mmoja akacheka nyuma, nikamtazama mpaka akainamisha kichwa, kisha sote tukangoja. Katika maisha yangu sijawahi kusikiliza mistari sita kwa makini kama ile.

Leo yuko sekondari. Bado anakwama, na akikwama hainamishi macho. Anakutazama usoni mpaka neno lifike, na wewe huthubutu kuondoka.