Mahali pa Kidole Kungojea

Mshale wa mizani ya samaki ulitetemeka, ukapita ratili tano, ukasimama wakia tatu mbele.

"Wakia tatu, Bi Lempi," alisema Duane, fundi bunduki. "Nilikwambia. Hiyo darubini mpya imekula nafasi yote."

Lempi Kangas alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena, kana kwamba mizani ingeona haya na kubadili maneno. Haikubadili. Bunduki ilining'inia kwenye ndoana, nyembamba, kitako chake kimechongwa na kuchongwa mpaka kimebaki kama mfupa wa paja la kuku.

"Itoe darubini," alisema.

"Nikiitoa utaona nini? Mwaka jana ulipiga nguzo ya uzio."

"Na aliiomba radhi, mimi nilisikia," alidakia mzee Arvo, aliyekuwa ameketi karibu na jiko la kuni na kikombe chake cha kahawa. Mwenzake Wendell alicheka mpaka akakohoa. Hao wawili hawakuwa na bunduki ya kutengeneza wala cha kununua. Walikuja dukani kwa Duane kila siku kwa sababu wake zao hawakuwataka jikoni.

Lempi hakucheka. Zilibaki siku tisa tu kufika Shindano la Bunduki Nyepesi. Kila Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kabla theluji haijafunga njia za msituni, watu wa mji ule walikwenda nyuma ya mgodi wa zamani wakasimama wima, bila kuegemea kitu, wakaangusha wanyama wa chuma: kuku kumi, nguruwe kumi, bata mzinga kumi, kondoo kumi. Sharti lilikuwa moja. Bunduki pamoja na kila kilichofungwa juu yake isizidi ratili tano. Iliyopita mizani, mwenye nayo alipewa karatasi ya namba akabandika kifuani. Iliyozidi, mwenyewe alikaribishwa kahawa na kutazama wenzake.

Na Lempi aliitaka ile karatasi. Miaka miwili sasa mumewe Reino alikuwa katika nyumba ya wazee kule mjini, na ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwibia karibu kila kitu. Jina la mkewe lilikwenda. Mikono yake, iliyokereza vyuma vya mgodi miaka arobaini, ikawa inakunja na kukunjua leso. Alimwita Lempi "bibie," kwa adabu, kama mtu anayepisha mgeni mlangoni. Lakini siku moja kwa mwaka, Lempi akiingia moja kwa moja kutoka shindanoni na namba ikingali kifuani, Reino huitazama, uso wake ukakunjuka, akauliza neno moja:

"Wangapi?"

Mwaka juzi alijibiwa kumi na tisa. Mwaka jana kumi na saba. Siku nyingine zote mia tatu na ushei Lempi aliishi kwa neno hilo, kama mtu anayelamba kijiko cha asali akakirudisha kabatini.

"Huwezi kuchonga kitako zaidi?" aliuliza.

"Nikichonga tena utapiga kwa kijiti cha meno." Duane aliishusha bunduki, akaifungua kwa bisibisi, akaweka kasha la kifyatuo mezani, juu ya kitambaa. Kando yake akaweka jingine, jipya, jeusi tititi. "Hili lako la alumini. Hili la plastiki ngumu. Yashike."

Lempi aliyashika, moja kila mkono. La plastiki lilikuwa kama ganda la yai lililokwisha kuliwa.

"Wakia tatu," alisema Duane. "Nafuu yako ndiyo hiyo. Matumbo yale yale, kifyatuo kile kile, nabadilisha nyumba tu."

"Plastiki ni ya vikombe vya watoto," alisema Arvo.

"Hata meno yako ni plastiki, Arvo, na nyama unaila."

"Meno yangu hayapigi kondoo!"

"Sikiliza, Bi Lempi," Duane aliendelea, akiwapa kisogo. "Alumini ni tamu, sikatai. Ukiigonga inaimba. Lakini asubuhi ya Oktoba inauma vidole, na vyako vina baridi yabisi. Plastiki haishiki baridi. Ukiibana inanepa, inarudi. Ukiiangusha haina hata mkwaruzo. Utaipiga miaka ishirini, itabaki kama ulivyoinunua."

"Ndiyo ubaya wake," alisema Lempi.

Duane hakuelewa. Angeelewaje? Lempi alikuwa ameligeuza lile kasha la alumini ubavu, palipo na pete inayozunguka kifyatuo. Lote lilikuwa jeusi, isipokuwa pale. Pale palikuwa na doa la fedha, refu kama punje ya mchele iliyovimba, laini kuliko kijiko cha zamani.

Reino alilikereza kasha lile mwenyewe kutoka kwenye bonge la alumini, katika karakana ya mgodi, jioni baada ya zamu. Bunduki ilikuwa moja, wao wawili, walipokezana. Na kabla ya kumwachia risasi ya kwanza alimshika kidole cha shahada, akakilaza kwenye ubavu wa ile pete. "Kidole kinakaa hapa," alimwambia. "Hakiingii ndani mpaka moyo umetulia. Hapa ndipo mahali pa kungojea." Miaka thelathini na mmoja vidole viwili, cha mume na cha mke, vilingoja palepale, kwa zamu, mpaka weusi ukachoka ukaondoka.

Reino alikuwa mtu wa vitendawili. Hakuweza kunoa kisu bila kutega. Siku doa lile lilipoanza kung'aa alimwita mkewe kutoka jikoni, mikono ikiwa na unga.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nimevaa nguo nyeusi, anipendaye hunivua polepole."

Lempi alimchapa na kitambaa cha vyombo. "Mzee mzima huna haya!"

"Wewe ndiye huna haya. Jibu ni alumini, bibie. Ulidhani nini?"

Wakacheka mpaka mkate ukaungua.

"Bi Lempi?" Duane alikuwa anangoja.

Lempi aliliweka kasha la plastiki juu ya kitambaa, taratibu. "Lifunge hili," alisema. Lile jingine akalitia mfukoni mwa koti. "Hili usilitupe kwenye kopo lako la vyuma. Linakwenda na mimi."

*

Jumamosi kulipambazuka na umande ulioganda juu ya majani. Wendell, ambaye siku hiyo alikuwa msimamizi na kwa hiyo hakutania mtu mpaka saa nne, aliitundika bunduki ya Lempi kwenye mizani. Mshale ulipanda, ukasita, ukalala penye tano kama paka anayejua mahali pake.

"Imepita. Namba kumi na nne."

Akambandikia karatasi kifuani mwenyewe, kwa pini mbili, kwa sababu vidole vya Lempi vilikuwa vimeshakakamaa. Lakini vilipoigusa bunduki havikuuma. Duane alisema kweli. Plastiki ilikuwa vuguvugu, pole, haina kinyongo na mtu. Lempi aliichukia kwa wema wake.

"Tayari!" Wendell alipaza sauti.

Alinyanyua bunduki begani. Darubini ikamletea kuku wa kwanza karibu, mweusi, mnene, amesimama juu ya reli. Kidole cha shahada kikaenda mahali pake pa kungojea, na mahali hapakuwapo. Kikapapasa mbele, kikarudi nyuma. Kila upande ulikuwa sawa. Kilikuwa kama mtu aliyerudi kwao akakuta mtaa mzima umepakwa rangi moja.

"Piga!"

Kuku watano wa kwanza walibaki wamesimama, wakimtazama.

"Lempi, wanakulipa mshahara hao?" Arvo aliita kutoka kwenye benchi la kahawa.

"Nyamaza, Arvo, meno yataganda!" alijibu Lempi.

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, na kicheko hicho kikamlegeza mabega. Alipoambiwa apakie tena, aliingiza mkono mfukoni. Kasha la alumini lilikuwa limelala humo tangu alfajiri, limepata joto la mwili wake. Akalipapasa mpaka akaliona doa kwa ncha ya kidole. Akangoja hapo, kama alivyofundishwa, mpaka moyo ukatulia. Ndipo akatoa mkono, akanyanyua bunduki, na kidole kikalala ubavuni pa plastiki kikiwa bado na umbo la kule kilikotoka.

Kuku wa sita alianguka. Kishindo cha chuma kilichelewa kidogo kumfikia, kama salamu ya mtu wa mbali. Wa saba akakataa. Wa nane akalala.

Hakushinda, jamani, wala hakukaribia. Kijana mmoja wa benki aliangusha thelathini na wawili. Lempi aliangusha tisa. Lakini tisa ni jibu. Aliikataa pasti, mkate uliojazwa nyama na viazi, aliyofungiwa, akapanda gari, namba ikipepea kifuani, na njia nzima akawa analisema kwa midomo, asije akalisahau: tisa, tisa.

*

Katika nyumba ya wazee, muuguzi Brandi alimsimamisha kwenye meza ya mapokezi.

"Bi Kangas, hicho kinachovimba mfukoni ni nini? Unajua sheria zetu."

Lempi alilitoa. Lilikuwa tupu, halina springi, halina kifyatuo, chuma chepesi chenye matundu. Brandi aliligeuza mara mbili.

"Hiki ni kitu gani?"

"Nyumba," alisema Lempi. "Waliomo wamehama."

Muuguzi alitikisa kichwa, akamrudishia.

Reino alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, leso mapajani. Alikuwa amenyolewa vizuri. Lempi akavuta kiti, akaketi mbele yake, kifua wazi kabisa, namba kumi na nne ikimtazama mzee usoni. Akangoja.

Reino aliitazama namba. Aliitazama kwa muda, kama anavyotazama mvua. Kisha macho yake yakapita, yakaenda dirishani.

"Bibie," alisema kwa adabu, "watakuletea kahawa."

Lempi alikaa. Lile tisa lilikuwa mdomoni mwake, limekamilika, halina pa kwenda. Nje vipande vya kwanza vya theluji vilianza kushuka, vichache, vikitafuta pa kutua. Mkokoteni wa vikombe ulipita ukumbini ukilia gurudumu moja. Alianza kuchomoa pini. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikamshinda.

Ndipo, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akalitoa kasha mfukoni na kuliweka mapajani mwa Reino, juu ya leso.

Mikono ya mzee iliacha kukunja. Mmoja ukalinyanyua, ukalipima uzito, juu chini, juu chini. Ukucha wa kidole gumba ukaligonga mara moja. Ting. Akalisogeza sikioni mpaka mlio ukaisha wote. Kisha kidole chake cha shahada, kilichopinda kwa uzee, kikatembea juu ya weusi bila haraka, kikafika kwenye doa la fedha, kikalala.

Lempi alishusha pumzi. Mdomo wake ukasema wenyewe, kwa mazoea ya zamani, bila kutarajia kitu:

"Kitendawili."

Theluji iliendelea kushuka. Reino hakugeuza kichwa.

"Tega," alisema.

Lempi akafungua mdomo. Vitendawili mia vya miaka thelathini na mmoja viliruka vyote kwa mara moja kama njiwa waliosikia mlio, hakikubaki hata kimoja. Akanyoosha mkono, akalaza kidole chake kando ya cha mumewe, pale palipokuwa na nafasi kidogo. Wakangoja wote wawili, mzee ameinamisha sikio, naye akitafuta.