Kigoda cha Maumivu ya Mama

Saa kumi na mbili kamili asubuhi binti alivuta mililita tano za dawa ya kijani kwa bomba lisilo na sindano, akamtilia mama yake mdomoni, akamfuta kidevu, kisha akaenda kuinjika chai. Baada ya dakika ishirini na tano maumivu ya Mama yaliinuka kitandani, yakashika ukuta, yakapita sebuleni taratibu na kwenda kukaa kwenye kigoda cha mlangoni. Binti aliyafuata akakisukuma vizuri kigoda, maana mguu mmoja ulikuwa umelegea na maumivu yenyewe yalikuwa mazito. Halafu akampelekea mama yake chai.

"Yametoka?" Mama aliuliza.

"Yametoka. Kunywa kabla haijapoa."

Yalikuwa na kimo cha Mama, na bega la kushoto limeinama kama lake, bega la mwanamke aliyeshona sare za shule miaka thelathini na moja. Sura hayakuwa nayo. Saratani ilipoingia kwenye mifupa yalimlalia miezi minne, usiku na mchana, na hospitali ikawa inampa vidonge vya homa, vile ambavyo hata mtu mwenye mafua huvidharau. Siku muuguzi alipoleta dawa ya kijani, yaani mofini ya kunywa, Mama alilala saa tisa mfululizo. Alipoamka aliomba asogezewe cherehani, akatia uzi mwenyewe, akaanza kupunguza suruali za mwanawe aliyekonda. Majirani waliokuja kumuaga walirudi makwao na nyuso za haya.

Muuguzi alikuja kila Jumanne. Fomu yake ilimtaka amuulize mgonjwa maumivu yake ni mangapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Yeye hakuuliza. Aliyatazama pale kigodani, akaandika mbili, akayaruka miguu na kuingia ndani.

Huyo mwana aliyekonda walimwita Winchi. Jina alipewa na wapakiaji wenzake katika bohari ya mizigo, kwa kuwa aliinua peke yake kilichowashinda wawili. Miaka miwili nyuma kreti lilimwangukia mgongoni. Daktari wa kampuni hakumpiga hata picha. Alimpa vidonge vyeupe, ndugu wa dawa ya Mama lakini vikali zaidi, akamrudisha kazini kesho yake. Maumivu yake yakashuka mgongoni, yakawa yanamfuata kazini yamembebea mkoba wa chakula. Kila alipoinama yalimvuta shati, wala hakuhisi. Aliinua mizigo kwa mgongo uliopasuka, na daktari akawa anaongeza dozi, miezi minane, bila swali hata moja. Ndiyo tiba hiyo, mtu awe mzima mpaka zamu iishe.

Mgongo ulipokataa kabisa kunyooka, Winchi alimwaga unga, na vidonge vikakatwa siku hiyo hiyo. Jioni maumivu yalirudi nyumbani yakiwa mawili: yale ya mgongo, na mengine membamba, machanga, ambayo hapakuwa na mtu aliyeyajua. Hayo ya pili hayakuwahi kukaa. Yalizunguka chumba, yakafungua makabati, yakamtetemesha Winchi meno, na kila siku yalidai kilekile.

Binti alipiga pasi kwa dobi, na kila asubuhi alitoka mapema. Dawa ya saa nne na ya saa nane ilibaki mikononi mwa Winchi. Alhamisi moja mashine ya mvuke iliharibika kazini, wakaambiwa waende zao. Binti alifika nyumbani saa sita mchana akakuta kigoda kitupu. Chumbani, maumivu ya Mama yalikuwa yameinuka nusu. Yalikuwa yamekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mkono mmoja bado umemshika Mama nyonga. Mama alikuwa akishona huku jasho likimtoka.

"Winchi, Mama umempa ngapi?"

Winchi akaanza kukaza kifuniko cha chupa.

"Mbili na nusu," Mama alijibu. "Nusu nyingine nimempa yeye."

"Mama, hiyo nusu haikutoshi."

"Naona. Sijapofuka. Wewe unaondoka, unaniacha naye anatapika, anajikuna mpaka damu. Nimemzaa, sikumwokota. Unataka nigeukie ukutani?"

"Nilikataa, dada," Winchi alisema.

"Ulikataa siku ngapi?"

"Mbili."

Na kweli zilikuwa mbili. Binti aliwapenda wote wawili, na wakati huo aliwachukia wote wawili, akashindwa kuamua aanze kumgombeza nani. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini akaenda hospitali kusema ukweli. Aliomba mambo mawili: sanduku lenye kufuli la kuhifadhia chupa, na mtu wa kumtibu mdogo wake. Hapo ndipo alipojipalia makaa. Mfamasia alimsikiliza vizuri sana, akaandika kila neno, hata akamshukuru. Kisha akachukua faili la Mama, akaligonga muhuri mwekundu: NYUMBANI KUNA MRAIBU.

"Dawa inasimama hadi kamati ikae," alisema.

"Lakini sanduku la kufuli si lingetosha?"

"Sanduku halimo kwenye kanuni, dada yangu."

"Na mdogo wangu?"

"Huyo si wetu. Sisi ni saratani."

"Sasa mama yangu anywe nini?"

"Vidonge vya homa. Viwili viwili."

Muuguzi alikwenda kubishana na wakuu wa kamati, akapewa barua ya onyo.

Jumamosi chupa iliyokuwa nyumbani iliisha, na maumivu yakarudi kitandani, yakamlalia Mama mwili mzima. Cherehani ilirudishwa pembeni na suruali ya Winchi ikiwa bado juu yake, mguu mmoja umeshapunguzwa. Winchi alifungasha nguo zake bila kuambiwa na mtu. Alikwenda hospitali kusaini kwamba haishi tena na mama yake, na ili asiwe ametia sahihi uongo, akawa analala kwenye baraza ya bohari. Waliipokea karatasi yake. Wakamwambia kamati inakaa mwezi ujao.

Mama hakuwa na mwezi. Alikuwa na siku kumi na moja, akazitumia zote kwa kuuma shuka. Asubuhi ya mwisho, saa tatu, maumivu yaliinuka yenyewe bila dawa, yakapita sebuleni, yakakaa kigodani. Binti alijua kabla hajaingia chumbani.

Baada ya mazishi hayakuondoka. Kamati ilipokaa na barua ilipofika, binti alikwenda hospitali nayo yakimfuata nyuma. Watu waliokuwa kwenye benchi la famasia walisogea, yakapata nafasi.

"Mama yako ameruhusiwa tena," mfamasia alisema. "Chupa zake sita ziko tayari."

"Alifariki."

"Pole sana. Basi itabidi zimwagwe. Haziwezi kupewa mwingine."

Palihitajika mashahidi watatu, na walikuwepo wawili, hivyo binti akaombwa awe wa tatu. Chupa sita zilimwagwa kwenye sinki moja baada ya nyingine. Mbele ya dirisha alisimama mzee mmoja aliyebeba maumivu yake mgongoni, yamemkumbatia shingo, akisubiri vidonge vyake vya homa. Aliitazama dawa ya kijani mpaka ikaisha kuzunguka kwenye tundu. Binti alitia sahihi.

"Naomba uondoke na hayo yako," mfamasia alisema kwa upole. "Yanaziba foleni."

Nyumbani alikuta kigoda kina mtu. Maumivu ya Winchi, yote mawili, yalikuwa yamebanana pale juu, hata yale machanga yametulia, na mkoba wa chakula uko miguuni. Jirani alimweleza kwamba gari la kampuni lilikuja asubuhi kumtafuta Winchi, aliyekuwa amerudi nyumbani tangu msiba. Mizigo ni mingi msimu huu na watu hawatoshi, kwa hiyo daktari alikuja mwenyewe kutoa pole, akamwachia Winchi pakiti nzima ya vile vidonge vyeupe.

Binti aliingia ndani akatoa kiti cha cherehani, akayawekea ya Mama pembeni ya hayo mengine. Kisha akaenda kuinjika chai. Juu ya cherehani hapakuwa na kitu. Winchi alikuwa ameshakwenda kazini, amevaa ile suruali, mguu mmoja umembana na mwingine unapepea.