Bingwa wa Desturi za Kijapani

Ijulikane kwa wote huku ughaibuni, kuanzia Maple Grove hadi Inver Grove Heights, kwamba Duncan alikuwa bingwa wa desturi za Kijapani. Ubingwa huo aliupata kwa kula sushi ya supamaketi mara moja, ikamharisha.

Dada yake, Nkirote, aliambiwa habari nyingine: kwamba Duncan aliwahi kuishi Japani, ndiyo maana akamchukua awe mshauri wake. Nkirote alikuwa muuguzi. Alibuni shuka la kumgeuzia mgonjwa kitandani bila kujivunja mgongo, akaacha kazi ili aliuze. Leo, katika chumba cha hoteli kisicho na dirisha huko Bloomington, Bi Morita na Bwana Ueda kutoka Osaka wangelinunua, au yeye angerudi hospitalini kuomba zamu.

Nkirote alitaja bei. Bi Morita akafumba macho. Bwana Ueda akaitazama meza. Kimya.

Duncan akaanza kutokwa na jasho. Sokoni kwao, mteja akinyamaza bei imemchoma. Usipopunguza haraka anahamia kwa jirani.

"Tunaweza kupunguza kidogo," akasema.

Kimya.

"Na kusafirisha ni juu yetu."

Bwana Ueda akavuta pumzi kwa meno, ssss. Duncan akautazama mlango. Kiti cha Nkirote kilikuwa kimeuziba.

"Na mashuka ya bure kwa—"

Nkirote akamkanyaga. "Wewe, nyamaza! Mbona usiniuze na mimi?" akamnong'oneza kwa Kiswahili. Kisha akawageukia wageni. "Samahani. Bei ni ile ya kwanza. Nikiishusha, nitatumia kitambaa kinachochanika, na mzee wa mtu ataanguka."

Akakunja mikono, akanyamaza pamoja nao. Kimya hicho kilizidi urefu wa maombi ya mchungaji kabla ya chakula. Duncan aliogopa hata kumeza mate.

Bi Morita akafumbua macho. "Nilikuwa nawafikiria wazee wetu. Bei ilipoanza kuporomoka, tuliogopa kwamba shuka lina kasoro. Sasa tumeelewa. Tunakubali."

Akainama. Nkirote akainama, machozi yakimlenga. Kisha Bi Morita akamgeukia Duncan kwa heshima zote.

"Dada yako alituandikia kwamba uliishi kwetu. Mji gani?"

Wote wakamtazama, wakasubiri. Wanajua kusubiri, watu hawa.

"Sijawahi kufika," Duncan akasema. "Nilifutwa kazi pale airport, dada. Niliona aibu kukwambia, nikadanganya ili unipe kazi hii."