Fundi Lifti na Mumewe Kinyozi

Kwa miaka mingi alifundisha chekechea, na mtaa mzima ukamzoea kwa jina la Mwalimu. Aliporudi kutoka chuo cha ufundi na cheti cha kutengeneza lifti, watu walicheka mbavu sina. Mji wao ulikuwa na lifti moja tu, ya hoteli, nayo ilishageuzwa stoo ya viti.

Basi simu ikaita siku moja akiwa anafua. Msimamizi wa kampuni ya lifti akamwambia, "Nafasi uliyoomba ni yako, ila itabidi uhamie huku jijini. Nipe jibu Ijumaa."

Mwalimu aliruka na povu mikononi. Kisha akamkumbuka mumewe, furaha ikapungua. Mumewe alikuwa kinyozi, na wateja wake walikuja kibandani hata wakiwa hawana nywele za kunyoa, ilimradi wapige soga.

Akamfuata huko huko. Alimkuta anamnyoa jirani yao, fundi viatu.

"Mume wangu, nimepata kazi. Ila ni mbali, mwendo wa siku nzima."

"Hongera, mke wangu," kinyozi akasema, na mashine ikapita pasipotakiwa.

"We! Sikio hilo!" fundi viatu akapiga kelele.

"Nywele zinaota kila mahali," Mwalimu akaharakisha kusema. "Hata huko watu wananyolewa."

Kinyozi akazima mashine. "Nywele sawa. Na watu wangu je, nao wanaota kila mahali?"

"Kwenye mambo ya ndoa yenu msinitie mimi," fundi viatu akasema. "Nimalizieni upande wa pili kwanza."

Mwalimu akarudi nyumbani. Maneno ya mumewe yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Na yeye mwenyewe alikuwa na hofu yake: chuoni walifanyia mazoezi lifti ya ghorofa mbili, huko angesimama juu ya shimo la lifti lenye kina cha ghorofa kumi na mbili. Akampigia mama yake.

"Mwanangu, unaacha watoto wa watu unafuata makabati yanayopanda na kushuka?" mama akaguna. "Lakini nakujua. Ukibaki, hatutapumua kwa manung'uniko yako. Nenda."

Wakati wa kula Mwalimu akasema, "Nilikosea. Niliongea kana kwamba kazi yako ni mchezo."

"Na mimi nilikuwa mkali kwa woga," mumewe akajibu. "Hapa naitwa Bosi. Huko nitaitwa nani?"

"Mume wa fundi lifti."

Wakacheka hadi chakula kikapoa. Wakakubaliana mke aende peke yake kwanza, miezi mitatu, mume abaki na kibanda chake. Kesho yake akamweleza msimamizi.

"Afadhali umesema wewe," msimamizi akajibu. "Hata sisi tulitaka kukujaribu kwanza, tukaona haya kusema."

Wiki ya kwanza juu ya lile shimo alifanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili umeng'ang'ania nguzo. Ya tatu, alijikuta anaimba huku anakaza nati, na wenzake wakamwita Mwalimu bila kuambiwa.

Mwezi wa pili mumewe akaja kumtembelea. Alikataa katakata kupanda lifti, akafika ghorofa ya tisa, alikopanga mkewe, anahema kama mbwa. Jioni wakatembea mtaani, mumewe akasimama muda mrefu mbele ya kibanda cha kinyozi mwingine, akiangalia foleni ya watu walionuna kimya.

"Hawa hawaongeleshwi," akasema, kama mtu aliyeona mgonjwa.

Hakusema atahama. Ila asubuhi ya kuondoka alimuuliza mwenye nyumba kama chumba cha chini cha jengo hilo, chenye mlango wa barabarani, kina mpangaji. Eti kuna rafiki yake anatafuta.

Mwalimu akajifanya hajasikia.