Salamu ya Dirishani

Kibao cha barabarani walikuwa wamekifunika kwa shuka la kitanda, na shuka lenyewe lilikuwa na doa. Nilisimama chini yake nikalitazama lile doa la kahawia likipepea juu ya vichwa vya watu wenye suti. Ofisi nzima ya mji, na majengo yake na magari yake, ilikosa kitambaa safi cha kumstahi shangazi yangu.

Maana kibao kilikuwa chake. Wao walikiita cha mtaa.

Shangazi alikuwa mshonaji. Sare za watoto wa mtaa ule, kola na mifuko, zote zilipita chini ya sindano yake. Chumba chetu kilikuwa upande huu wa barabara, kibanda chake cha kushonea upande ule, na katikati palikuwa na lami nyembamba ambayo madereva waligundua inawaepusha na foleni ya barabara kuu. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Milango yetu inafungukia barabarani. Ukitoka kumwaga maji, unamwagia gari la mtu.

Asubuhi moja gari lilimpitia, kioo cha pembeni kikamvunja bega. Nilikuwa kwenye karakana yangu ya mageti, nikasikia mlio kama wa tawi kavu linalovunjika. Nilipofika, dereva alikuwa ameshuka. Haki yake nampa, alishuka. Alikuwa anakagua kioo chake, anakifuta kwa mkono wa shati, na shangazi yuko chini, sare alizobeba zimetapakaa, moja ina alama ya tairi kifuani.

"Mwambieni mama yenu awe anaangalia," alisema.

Bega lilipona, vibaya, lakini lilipona. Kilichogoma ni kuvuka. Shangazi alifika kizingitini, akasikia injini, akarudi ndani. Kesho yake vivyo hivyo. Cherehani ikabaki ng'ambo peke yake, na mwenye kibanda akaanza kuleta watu wengine kukitazama.

"Sikulaumu, mama," alimwambia, "lakini kibanda si kaburi. Lazima kitumike."

Nikaenda ofisi ya mji kudai mwendo wa magari upunguzwe. Shule niliikimbia mapema, niliyoyasoma niliyasoma mwenyewe, ila kelele nazijua, ndiyo maana mtaani waliniita Kipaza. Bwana Mipango, afisa wa pale, alinisikiliza huku anachokonoa meno.

"Mwendo wa mtaa wenu ni hamsini. Mnataka thelathini. Sawa. Lakini kwa taarifa tulizo nazo, pale hajafa mtu."

"Tukuletee maiti wangapi, mzee, ndipo uridhike?"

"Usinipandishie sauti."

"Hii ndiyo yangu ya chini."

Alikitazama kijiti chake, alichokitoa humo mdomoni, kwa makini kuliko alivyonitazama mimi.

Wanasema aliyetusaidia ni Mheshimiwa. Hakuwa mheshimiwa wa chochote. Alikuwa dalali wa viwanja, jirani yetu, tuliyempa jina hilo kwa jinsi alivyopenda kusimama kwenye mikutano. Shati jeupe, maneno yamepigwa pasi kama shati. Kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya Bwana Mipango, alimshika shangazi mkono, ule wa bega bovu, akauinua juu kama bendera.

"Huyu ni mama yetu sote! Mnasubiri nini? Mnasubiri damu?"

Machozi yakamtoka. Ya kweli, niliyaona. Shangazi alikuwa amekunja uso kwa maumivu ya bega. Watu wakadhani ni uchungu wa moyoni, wakapiga makofi.

Thelathini tukaipata.

Kwa hiyo siku ile ya shuka, Mheshimiwa ndiye aliyevuta kamba. Shuka likanasa kwenye ncha ya bati, likachanika, na ile thelathini ikatokeza ndani ya duara lake jekundu. Bwana Mipango akahutubia juu ya thamani ya uhai. Shangazi akawekwa katikati, akapigwa picha kila upande kama keki. Halafu wakubwa wakaenda kula, shuka wakaliacha mtaroni.

Mtaa ukatulia. Shangazi akakaza kilemba chake, akaelekea ukingoni mwa lami. Nikampa mkono.

"Niache, mwanangu. Kama kibao kinafanya kazi, kitanivusha. Kama hakifanyi, mkono wako utafanya nini?"

Ng'ambo mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Niliufungua mwenyewe asubuhi, nikafagia, nikaitia cherehani mafuta. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha mguu. Alikuwa anakaribia katikati niliposikia injini ambayo kila mtu mtaani aliijua. Gari la Mheshimiwa. Alirudi nyumbani kubadili shati, sasa anachelewa chakula cha wakubwa, anakuja kama anayefukuzwa.

Shangazi akarudi kinyumenyume, akaponea mtaroni, mguu mmoja ndani ya maji machafu, mgongo ukutani. Gari halikupunguza mwendo. Kioo cha dirisha ndicho kilichoteremka, kichwa kikachomoza, kinacheka, kina furaha isiyo na hila yoyote.

"Shikamoo, mama! Hongera! Sasa tuko salama!"

Moshi na vumbi la kingo za lami vikamfunika. Na kutoka ndani ya vumbi lile nilisikia, nasikia mpaka leo, sauti yake ya malezi mema ikiitikia:

"Marahaba, mwanangu."

Nilimtoa mtaroni, kiatu kilibaki humo. Nilikuwa natukana matusi ambayo sitayaandika. Yeye alikuwa anatema kwenye leso, kwa staha, kidogo kidogo, mpaka mchanga ukamwisha mdomoni. Akaikunja leso, akaitia kifuani.

"Kalete cherehani," alisema.

"Shangazi, ngoja kwanza. Namfuata huko huko anakokula, nitam..."

"Kalete cherehani, Kipaza."

Hakuwahi kuniita hivyo.

Niliibeba mwenyewe, chuma chote kile kifuani, nikavuka nayo huku magari yananipigia honi. Tuliiweka chumba cha nyuma, kisicho na dirisha la barabarani, kati ya ndoo na magunia ya mkaa. Huko alishona mpaka macho yakamwishia. Wateja walizungukia uani. Wageni waliosikia mlio wa sindano kule ndani walisema mama huyu anapenda utulivu wake.

Mheshimiwa amezeeka sasa, na kwenye mikutano bado anasimulia jinsi alivyotupigania. Kibao kipo. Jua limekula wekundu wake, na katikati ya duara mtu amebandika tangazo la vyumba vya kupanga. Gari la Mheshimiwa siku hizi linaendeshwa na mwanawe, kijana mwenye adabu, kila mtu anakwambia hivyo. Hupita mbele ya karakana yangu jioni, mbio zilezile, na hasahau kuteremsha kioo.

"Shikamoo, mzee Kipaza!"

Mtaa mzima unajua kwamba siitikii. Wananiita mtu wa kinyongo, mzee asiye na adabu. Mimi nafumba mdomo, nashikilia geti ninalochomelea, nasubiri vumbi litue. Kisha natema.