Ya Mtu, Isiuzwe

Siku ya tatu baada ya kutoka eda, Bi Mwanakheri alifungua karakana ya mumewe. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya nyumba yao pale Malindi, mlango unatazama kichochoro, na kwa miezi minne na siku kumi hakukikanyaga, ingawa harufu ya grisi ilikuwa ikimpandia ngazi kila alfajiri akisali juu ya msala. Marehemu Muhiddin alikuwa fundi baiskeli, lakini si wa kuziba pancha tu. Aliunda baiskeli za mbio. Fremu ataitoa kwenye kontena la mitumba, ringi atazipata kwa mtu mwengine, usukani ataupinda mwenyewe, mpaka itoke baiskeli isiyo na pacha.

Ukutani palikuwa na safu mbili za misumari: ya kushoto ya vitu vyake, ya kulia ya vitu vya watu. Kushoto palikuwa patupu. Kulia ilining'inia baiskeli moja ya rangi ya samli, imekamilika mpaka pedeli, imefunikwa kanga ambayo Bi Mwanakheri alikuwa akiitafuta tangu mwezi wa Rajabu. Kwenye fremu kilifungwa kipande cha boksi kwa uzi, na mwandiko wa Muhiddin juu yake: "Ya mtu. Isiuzwe."

Mtu gani? Alikigeuza kile kipande cha boksi, akapapasa chini ya kiti, akafungua hata daftari la vipuri. Jina hakuliona.

"Kama haina jina, haina mwenyewe," alisema Talib, nduguye marehemu. "Jumatatu tunagawa mirathi, shemegi. Nayo itaingia."

"Ameandika ya mtu, Talib."

"Mtu ni mimi, mtu ni wewe."

Alichokijua Bi Mwanakheri ni kwamba amana isiyorudi hubaki shingoni mwa aliyeipokea, na aliyeipokea hii yumo chini ya udongo, hana miguu ya kuirejesha. Miguu iliyobaki ni yake yeye. Na zilibaki siku mbili.

Ndipo akaikumbuka simu ya marehemu. Humo mlikuwa na kundi la waendesha baiskeli, watu wanaotumiana picha za baiskeli zao asubuhi na jioni kama watu wengine wanavyotumiana picha za wajukuu. Akaichaji, akaipiga picha ile baiskeli, akaituma.

Simu ikafoka.

"Yaa Latifu! Fundi katuma picha!" aliandika Nadir.

"Nani anachezea simu ya maiti?" akaandika mwengine.

Bi Mwanakheri akaandika kwa kidole kimoja, polepole: "Ni mimi mkewe. Baiskeli hii ya nani?"

Hakuna aliyeijua. Mwisho Himid, ambaye ndiye mkubwa wao, akajibu: "Kesho tukirudi kwenye mazoezi ya Chukwani tutapita kuikagua, Bi Mwanakheri. Baiskeli ikisimama mbele yetu itasema."

Ukaguzi ulikuwa ni ada yao. Baiskeli mpya huegemezwa ukutani, kila mtu kwa zamu yake anaitoa kasoro, na mwenye baiskeli hana ruhusa ya kufungua mdomo, hata kwa kukohoa, mpaka wa mwisho amalize. Bi Mwanakheri alikuwa akizisikia kelele zao dirishani miaka ishirini. Akijiuliza siku zote: watu wazima, wana wake na watoto, wanaona nini kwenye chuma?

Jumapili saa mbili walifika wanaume sita. Watano walikuwa juu ya baiskeli, jasho linawachuruzika, wamejifunga vikoi juu ya zile kaptura zao za kubana kwa heshima ya mjane. Wa sita, Machano, mtu wa Tumbatu, alikuja kwa miguu, amevaa kanzu, mkono mmoja mfukoni. Goti linamuuma tangu Ramadhani, alisema.

"Shikamoo, Bi Mwanakheri."

"Marahaba, wanangu. Karibuni barazani."

Talib alikuwa keshakaa mwisho wa baraza. Baiskeli ikaegemezwa ukutani, na yeye Bi Mwanakheri akasimama mlangoni na birika lake la kahawa.

Nadir ndiye aliyeanza, maana Nadir huanza kila kitu. "Rangi kwanza. Hii rangi ya bibi harusi. Mimi nikipanda hii watu watanitupia mchele."

"Wewe watakutupia mawe," alisema mmoja. "Tazama fremu. Fremu safi, chuma cha zamani, maungio membamba. Lakini usukani! Kaunyanyua juu kama wa baiskeli ya muuza mikate. Upepo wa njia ya Bwejuu utakupiga kifuani mpaka ulie."

Himid alichuchumaa, akavaa miwani. "Nyamazeni. Angalieni hizi waya. Breki ya mbele na breki ya nyuma, zote mbili zinaingia kwenye kishikio kimoja cha kushoto. Kulia hakuna kishikio kabisa."

Wakainama wote kama wanaotazama kisima.

"Na gia nazo kushoto."

"Na huku kulia utepe kauzungusha mara tatu, mnene kama bandeji!"

"Sasa ukiibana breki hiyo, magurudumu yote mawili yanasimama pamoja. Utaruka mpaka Pemba."

"Alikuwa keshaanza kuumwa, masikini," alisema Himid kwa sauti ya chini. "Mkono ulimkosea. Allah amrehemu."

Maneno hayo yalimchoma Bi Mwanakheri. Muhiddin aliumwa siku tisa tu, na siku ya nane alimrekebishia cherehani kitandani. Mkono wake haukukosea. Basi kama haukukosea, ulikusudia nini? Akaacha kuwatazama watu, akaitazama baiskeli: kishikio, gia, waya zilivyopinda kwa adabu, kila kitu kimehamia upande mmoja kama watu waliompisha mgonjwa.

"Na wewe Machano?" aliuliza Nadir. "Zamu yako."

Machano aliitazama baiskeli kwa muda. "Mimi goti linaniuma."

Baraza zima likacheka. "Tumekuuliza baiskeli, unatujibu goti!"

Bi Mwanakheri akapita na vikombe. Machano akapokea kwa kushoto. Moyoni Bi Mwanakheri akasema, huyu naye, mtu aliyesoma Kurani chuoni, hajui mkono wa kulia? Akampelekea sahani ya kashata. Machano akakiweka kikombe chini, akachukua kashata kwa kushoto vilevile, akaila, akakichukua tena kikombe. Mkono wa kulia haukutoka mfukoni. Bi Mwanakheri akaigeukia baiskeli, akakitazama tena kile kishikio cha kushoto.

Aliwaacha wamalize kubishana, wakubaliane kwamba baiskeli haimfai yeyote, waage, waende zao kwenye supu pale kona. Machano naye akanyanyuka.

"Machano, baba. Bakia kidogo."

"Naam, Bi Mwanakheri."

"Wenzako watano wamesema. Wewe hukusema."

Machano akatazama chini.

"Ada yenu nnaijua. Anayenyamaza ni mwenyewe."

Talib akakohoa. "Shemegi, kunyamaza si ushahidi. Hata mimi nnaweza kunyamaza."

"Wewe, Talib? Huwezi."

Machano karibu acheke. Kisha, taratibu, akautoa mkono mfukoni, akaunyoosha mbele yao. Ulikuwa mkono kama mikono mingine, ila alipotaka kuukunja, vidole vilikuja nusu ya njia vikasita.

"Uliniamkia hivi mwezi wa Rajabu. Daktari alisema kiharusi kidogo. Muhiddin aliujua kabla ya mke wangu. Alinipa bisibisi nimshikie, ikaniponyoka. Hakuniuliza kitu. Aliniambia tu, niletee fremu yako ya zamani, na usimwambie mtu."

"Mbona hukuja kuidai?"

"Nije vipi? Mtu kafa, mkewe yumo edani, mimi nigonge mlango nidai baiskeli, sina karatasi wala shahidi? Ningeonekana nnakula mali ya maiti. Nikaona bora iende."

"Iende, na mimi uniachie mzigo wa mume wangu?"

Hilo hakuwa amelifikiri. Lilionekana usoni kwake. "Nisamehe. Na leo nilikuja niseme, Wallahi. Lakini mbele ya Nadir? Atanipa jina nizikwe nalo. Nikiitoa kasoro nimesema uongo. Nikaona ninyamaze."

Talib alinyanyuka, akaisukuma baiskeli mpaka katikati ya kichochoro. Si mtu mbaya Talib, ila anapenda kuona kwa macho yake. "Haya, panda tuone."

Machano akaikunja kanzu kiunoni, akapanda. Mkono wa kulia ukalala juu ya utepe mnene, haushiki, umepumzika tu. Usukani ulimfikia pale pale ulipotakiwa. Akaenda mpaka mlango wa jirani, akageuka, akaja mbio. Talib alikuwa hajakaa sawa. Machano akabana kwa kushoto, na baiskeli ikasimama bila kuruka, tairi ikiwa shubiri moja kutoka ndara za Talib.

Talib aliitazama ile shubiri. Kisha akainama, akafungua uzi, akampa Bi Mwanakheri kile kipande cha boksi. "Hii si mirathi," alisema.

"Alhamdulillahi." Bi Mwanakheri alihisi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, shingo yenyewe ikanyooka. "Machano, ukipita njia ya nyuma hawatakuona."

Machano alisimama, mguu mmoja chini. Akatazama njia ya nyuma, akatazama kona yenye supu. Halafu akaishusha kanzu yake, akasema, "Lakini watabaki wakisema fundi alikosea," akaelekea kona.

Walimsikia Nadir kabla hajafika. "Haa! Goti je, limepona?" Kisha sauti ya Machano peke yake, chini, maneno hayasikiki. Bi Mwanakheri aliinyoosha shingo. Hayasikiki. Kisha Himid akasema kitu kifupi, na ghafla wote wakaanza kupiga kelele kwa pamoja kama kawaida yao.

"Wanasema nini?" aliuliza.

"Mimi nitajuaje?" alisema Talib.

Bi Mwanakheri alijitanda kanga, akaacha mlango wazi, akatembea mpaka kona, akachungulia. Machano alikuwa amekaa na bakuli la supu. Juu ya baiskeli alikuwa Nadir, mkono wa kulia kaufunga mgongoni kwa kikoi, anakuja moja kwa moja kwenye ukuta wa msikiti huku wenzake wakimpigia makelele: "Bana! Bana sasa! Bana, mjinga wee!"