Fimbo Zilizokatwa

...na urefu wangu anamuuliza yeye, hataki kuniuliza mimi, mimi niko hapa hapa, nimesimama juu ya kizulia cha nyasi za plastiki na fimbo mkononi, mpira uko miguuni, wavu mweusi umetandazwa mbele yangu, na huyu muuzaji mwenye futi kamba shingoni anamuuliza mume wangu, eti mama ana urefu gani hivi, mzee, na mume wangu anamjibu bila hata kunigeukia, wa kawaida tu, wa kawaida, jamani, miaka yote hii ya ndoa na jibu ni wa kawaida tu, mimi fundi nguo, nashona sare za shule na za mahoteli, futi kama ile inakaa shingoni mwangu tangu nafungua duka mpaka nafunga, na sijawahi hata siku moja kumuuliza mume wa mteja kiuno cha mkewe, mteja akiingia namwambia simama wima, nyoosha mkono, usibane tumbo, nampima yeye mwenyewe kwa sababu nguo ataivaa yeye, lakini huku kwenye gofu naona mwili ni wangu na vipimo ni vya mume... haya, ngoja, nitulie, nimekuja kununua fimbo, sikuja kugombana na watu, tena nazinunua kwa pesa yangu, zawadi yangu kwangu mwenyewe, maana kwenye mchezo huu mimi si mgeni tena na bingwa pia si, niko katikati hapo, mipira mingi naipiga vizuri na mingine inaniaibisha, na mwalimu wa klabu ndiye aliyesema, mama, umefika mahali fimbo zako zinakurudisha nyuma, tafuta zinazokufaa, na mume wangu alikuwa kaketi pembeni pale anafungua kamba za viatu, akacheka, akasema zinazomrudisha nyuma si fimbo, mwalimu, ni kichwa, huyu anainua kichwa, nami nikacheka nao kama mjinga.

Kichwa, wimbo wa nyumba yetu huo, ukiinua kichwa mapema kutazama mpira unakwenda wapi basi mwili unafuata na mpira unapotea, sawa, nimeelewa, hata anayeanza leo anaelewa, lakini mimi wangu unakwenda kulia, kila siku kulia, nikiinamisha kichwa kulia, nikifumba macho kulia, kule kwenye vichaka, na yeye nyuma yangu, umeona, umekiinua, na mimi, samahani baba watoto, namwomba samahani kwa mpira wangu mwenyewe, nikaanza kufanya mazoezi dukani, wateja wakitoka nashika ubao wa kupigia mistari nauzungusha kama fimbo, kidevu nimekibana kifuani, mafundi wangu wawili wanatazamana wanajifanya wanatia uzi sindanoni, shingo ikaniuma mpaka nikawa nalala na taulo la moto, na yeye ananikanda shingo, kwa upole kabisa, siwezi kusema uongo, ananikanda huku ananiambia ni ukaidi tu huo, ungekuwa unasikia ungeshapona... "Hizi nyepesi, mzee, mama hatachoka," muuzaji anasema, na mume wangu, "Ndiyo, nyepesi, mgongo wake tena," mgongo wangu umefanya nini, mgongo wangu unainua majora ya kitambaa kutoka garini mpaka stoo bila kumwita mtu, nyepesi kweli hizi, za zambarau, mkoba wake una maua pembeni, nikiitikisa hii niliyoshika naona nimeshika mwiko, ni seti ya mtu anayejifunza, ya kumwonjesha mtu mchezo ili aone kama ataupenda, na mimi nilishaupenda zamani, naamka gizani kwa ajili yake, kwa nini nirudishwe darasa la kwanza, na ile ya kijivu pale ukutani, ya mchezaji wa kati kama mimi, nimeshaijaribu wao wakiwa wanabishana mbele ya rafu, mpira mmoja tu, ukaenda mbele, mbele kabisa katikati ya wavu, na mlio wake ulikuwa kama mkasi mpya ukipita kwenye kitambaa kizuri, nikageuka kuona nani kaona, hakuna aliyeona, na mume wangu aliponikuta nimeishika akaichukua taratibu mkononi mwangu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu, akasema hizo nzito kwako, akairudisha ukutani.

Lakini hayo yote ningeyameza, nimeshameza makubwa kuliko hayo, nilikuwa nimeshaanza kujisemea basi, zambarau ni rangi tu, chukua, twende nyumbani, mpaka muuzaji alipoiokota ile fimbo yangu ya zamani, namba saba, niliyoambiwa nije nayo ili walinganishe, nilikuwa nimepiga nayo mpira mmoja pale mwanzo, na mstari kwenye kioo cha mashine inayofuatilia mpira ukapinda kulia kama kawaida yake, mume wangu akasema, si unaona, kichwa, na fimbo ikaegemezwa kwenye meza, ikasahauliwa, sasa hivi tu ndiyo muuzaji kaiokota, kaipima kwa kidole, kaitikisa, kakitazama kishikio, na nikamsikia, maana wavu huu unarudisha sauti, "Mzee, hii imekatwa, hii ilikuwa fimbo ya mwanamume, tena mwenye nguvu, mpini wake mgumu, na mpini mgumu ukiukata unazidi kuwa mgumu, kichwa cha fimbo kinachelewa kugeuka kuukabili mpira, mpira lazima uende kulia, hata angepiga bingwa," halafu akacheka kidogo, si kwa ubaya, akauliza, "Nani aliikata hivi?" na mimi nikangoja, mikono imetulia kwenye fimbo, nikangoja mume wangu acheke naye aseme ni mimi bwana, sikujua, nikangoja kwa hamu kabisa, kwa sababu nilikuwa tayari kucheka, na mume wangu akakohoa, akasema, "Tulizinunua hivyo hivyo. Kwa mtu."

Kwa mtu. Mtu gani, mtu huyo anaitwa nani, anakaa mtaa gani, kwa sababu mimi siku hiyo nilikuwepo, uwani kwetu, karibu na tangi la maji, wewe umenunua fimbo mpya na zako za zamani umezibana kwenye jiliwa, msumeno wa chuma mkononi, shati umevua, na aliyekushikia ncha ili zisitikisike ni mimi, unga wa chuma ulinimwagikia miguuni nikawa naufuta kwa khanga, ulinisimamisha pale ukaniwekea fimbo ubavuni ukakadiria kwa jicho, ukatia alama kwa mkaa, hapa panatosha, ukakata, zote, moja baada ya nyingine, unaimba, ukavalisha vishikio vipya kwa gundi, vidole vikagandana tukacheka mpaka jirani akachungulia, na nilikuwa na furaha, nikampigia wifi simu nikamwambia kaka yako amenitengenezea fimbo kwa mikono yake, hakuna siku niliyojiona napendwa kama ile, na fundi mzima mimi sikuwaza, mimi ninayejua kwamba suruali ya mwanamume ukiikata miguu haijawa ya mwanamke, nyonga ziko palepale, kiuno kipo palepale, umefupisha tu kosa, ningemwambia mteja hivyo na kumrudishia kitambaa chake, lakini kwa fimbo nikasema yeye ndiye anayejua, na sikukasirikia kukata, nasema kweli, hata sasa sikasirikii kukata, mtu anakata kwa kutojua, mimi nimeshakata sare za darasa zima mgongo ukaenda mbele na tukakaa tukazifumua, tukacheka, hakuna aliyekufa... ninachokasirikia ni hilo la kwa mtu, limetoka mdomoni mwake laini, halikujikwaa popote.

Na vichaka navyo, nani atanirudishia vichaka, maana jina langu pale klabuni ni Mama Vichakani, alinipachika rafiki yake yule daktari wa meno, wazee wazima wakaona limekaa vizuri, nikifika mezani, karibu Mama Vichakani, leo umeona sungura wangapi, na mume wangu anacheka nao, tena anawaongezea, na kwenye kile chakula cha jioni cha kufunga mwaka wakatoa zawadi ya mzaha, panga jipya limefungwa utepe, eti la kumsafishia mama njia, na aliyesimama kulipokea kwa niaba yangu ni nani, ni yeye, akaliinua juu watu wakapiga makofi, na mimi nimekaa na gauni nililojishonea kwa wiki mbili, natabasamu, panga hilo lipo jikoni mpaka leo tunakatia kuni, na muda wote huo kosa lilikuwa kwenye jiliwa uwani kwetu, lilikuwa kwenye mkoba, nimelibeba begani kila Jumapili, nikaomba samahani kwa ajili yake, nikakandwa shingo kwa ajili yake, binti yetu alikataa kujifunza kwa ajili yake, aliniambia mama, mimi sitaki mchezo wa kuambiwa nisitazame nilichofanya, nikamgombeza, nikasema baba yako anataka upige vizuri, nikamgombeza mtoto aliyekuwa ameona... nimeumia, ndiyo, nimeumia, acha niseme hivyo hata kama ni kimoyomoyo, nimeumia mbele ya mashine na wavu na mkoba wa maua, na aliyeniumiza hajui, au anajua, sasa anajua, ameshasikia kwamba hata angepiga bingwa ungeenda kulia, kwa hiyo sasa hivi, nyuma yangu, anajua kwamba miaka yote ile sikuwa nainua kichwa, anajua, nami najua kwamba anajua, na tutapanda gari, atawasha redio, atasema zambarau inakupendeza.

"Mama, piga basi tuone," muuzaji anasema, ana haraka, ameshavuta boksi la kufungia zile za zambarau, na mimi sijapiga, mpira uko palepale, mweupe, una kadoa keusi pembeni, ningesema sasa hivi, ningemgeukia huyu muuzaji nikamwambia ndugu yangu, aliyezikata ni huyu hapa na aliyeshika ncha ni mimi, ingekuwa rahisi, muuzaji angecheka, mume wangu angecheka kile kicheko chake cha mezani, na lingeishia hapo, mzaha mwingine, na daktari wa meno angeupata kabla ya Jumapili, hapana, sitamsemea, nimemsemea mengi, nimemsemea kwa watoto, nimemsemea kwa ndugu zake, hili atalisema mwenyewe kwa mdomo ule ule uliosema kwa mtu, na fimbo nitachukua zile za kijivu, na kabla hazijafungwa huyu bwana ataivua futi yake shingoni aje hapa anipime mimi, kifundo cha mkono mpaka sakafuni, nimesimama wima na viatu vyangu, kama mteja yeyote, na hii namba saba ya zamani haitupwi, nitairudisha nyumbani nikaiegemeze palepale karibu na tangi la maji... "Mama?" na nyuma yake mume wangu, sauti yake nimeijua, ile ya siku zote, ila leo imeshuka kidogo, imekauka, "Piga tu, mama watoto. Usiinue kichwa," kweli amesema, bado amelisema, baada ya yote aliyoyasikia limemtoka tena, na mikono yangu iko kwenye fimbo ya zambarau na mpira haujaguswa, na kichwa nimekiinua, nimegeuka, namtazama yeye, muuzaji ananitazama mimi kisha anamtazama yeye, na sitashusha macho mpaka aseme ni nani alizikata.